Pima Tela Likiwa na Mzigo

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari za nyumba zinazotembea, na kipimo kimoja ambacho watu wazima wengi hukisahau.

Mwaka 1896, katika jimbo la Oregon, upande wa magharibi wa Marekani, alizaliwa mtoto aliyeitwa Wally Byam. Ujanani alichunga kondoo, na huko machungani alilala ndani ya kigari cha mbao kilichokokotwa na punda. Alipokuwa mtu mzima alihamia California akawa mchapishaji wa magazeti. Katika gazeti lake moja alitoa michoro ya kumwezesha msomaji kujitengenezea tela la kulala. Watu wakanunua mbao, wakajenga, kisha wakamwandikia kulalamika kwamba michoro ile haifai. Byam hakubishana nao. Alijenga tela mwenyewe kwa kuifuata michoro ile ile, akaona kuwa wasomaji wamesema kweli. Akaanza kuchora upya.

Alichokibadilisha kilikuwa kimo. Matela mengi ya siku zile yaliwekewa sakafu juu ya ekseli, kwa hiyo ndani mtu alitembea ameinama. Byam aliishusha sakafu ikakaa katikati ya magurudumu, akaliinua paa, na mtu akaweza kusimama wima na kupika bila kuumiza shingo. Katika miaka ya 1930 aliianzisha kampuni ya Airstream, ambayo matela yake ya alumini yanang'aa barabarani mpaka leo. Na mwaka 1959 aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town mpaka Cairo. Msafara huo ulipita Kenya, ukapanda milima ya Ethiopia, na mwaka uliofuata ukafika Misri, penye mapiramidi.

Hebu ufikirieni mwendo ule: vumbi, matope, miteremko, madaraja membamba. Kila tela lilikuwa nyumba nzima, lina vitanda, jiko na maji. Na kila nyumba ilishikwa na gari lake kwa mpira mmoja wa chuma unaoenea kiganjani. Mpira huo ukikaa juu mno au chini mno, safari inaharibika kabla haijaanza. Leo nataka mjue namna ya kuuweka mahali pake.

Tuanze kwa kuvitambua vitu vyenyewe. Inama nyuma ya gari linalovuta, tazama chini ya bampa. Utaona boksi la chuma lenye tundu la mraba, limefungwa kwa bolti kwenye chasisi. Ndani ya tundu hilo huingizwa mkono wa chuma, ukazuiwa kwa pini usichomoke. Mwisho wa mkono pana bamba, na juu ya bamba umesimama ule mpira. Sasa nenda kwenye tela. Ncha yake ya mbele ina kikombe cha chuma kilichofunikwa mdomo chini. Kikombe hukaa juu ya mpira, komeo likafungwa, na tela likawa tayari kufuata gari. Umbo la mpira ndilo linaloliruhusu tela kugeuka kwenye kona, na kuinua au kuinamisha pua barabara inapopanda na kushuka.

Mikono ya chuma haifanani. Upo ulionyooka, upo unaoshuka, upo unaopanda. Mingine ina mashimo mengi, ili bamba la mpira lipandishwe au lishushwe shimo moja moja. Kuchagua kimo cha kufungia tela ni kuchagua mkono utakaoliacha tela limelala sawa, sakafu yake ikiwa sambamba na barabara.

Kwa nini usawa huo una maana? Mmewahi kumwona mtu aliyebeba mzega? Mti uko begani, debe moja mbele na jingine nyuma. Bega la tela ni ekseli. Mzigo ulio mbele ya ekseli unaishusha pua ya tela, na ulio nyuma unaiinua. Tela salama ni lile ambalo upande wake wa mbele umezidi kidogo, ili kikombe kiukandamize mpira wakati wote. Marekani desturi ni kuacha asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa tela ikae juu ya mpira. Tela la kilo 900 basi litaukandamiza kwa kilo 90 hadi 135. Ulaya hutumia uzito mdogo kuliko huo, kwa sababu magari mengi madogo ya kule yamewekewa kikomo cha kilo 75 hadi 100 hivi. Kikomo cha gari lenu kimeandikwa kwenye kitabu chake, na hakivunjwi.

Upande wa mbele ukipungukiwa uzito, mkia unalitawala tela. Gari linapoongeza mwendo, au lori kubwa linapolipita na upepo wake, mkia unaanza kupiga kushoto na kulia, na kila pigo linaweza kuwa kubwa kuliko lililotangulia. Madereva wanasema tela linayumba. Ni hatari kubwa, na dawa yake ya kwanza ni kupanga mzigo vizuri. Vitu vizito vikae chini, karibu na ekseli, na vielekee mbele kidogo. Madumu ya maji yasirundikwe mkiani.

Kimo kinaingia wapi hapo? Tufanye hesabu. Chukueni tela dogo la ekseli moja, kilo 900, lenye mita 3 na nusu kutoka ekseli hadi kikombe. Pua yake ikiinuliwa sentimita 10 kupita kiasi, kitovu cha uzito kilicho sentimita 60 juu ya ekseli kinarudi nyuma kama sentimita 1.7. Uzito juu ya mpira unapungua kilo nne na kitu. Mtasema ni kidogo, na kwa tela lililopangwa vizuri mna haki. Lakini tela ambalo tayari limepungukiwa mbele halina kilo nne za kupoteza.

Sasa tazameni mkia wa tela hilo hilo. Kama uko mita 2 na nusu nyuma ya ekseli, umeshuka sentimita 7. Bomba la kutolea maji machafu, tairi la akiba na vibao vya taa vyote vimesogea karibu na ardhi kwa sentimita hizo. Tuta la kwanza la kijijini litavigonga. Na tela lenye ekseli mbili, hasa kama kila ekseli ina springi zake zinazojitegemea, linateseka zaidi. Pua ikipanda, magurudumu ya mbele yanapunguziwa kazi na ya nyuma yanabebeshwa ziada, matairi yanapata moto na kuchakaa kabla ya siku zake.

Pua ikishuka mno mambo yanageuka. Jeki ya mbele na minyororo vinakaribia kusugua lami, na kikombe kinakaa kwenye mpira kwa pembe isiyo yake. Gari likiingia kwenye korongo kisha likapanda upande wa pili, pua ya tela inaweza kulima ardhi. Lengo ni usawa. Ikiwa mashimo ya mkono hayakupi usawa kamili, afadhali pua ishuke kidogo sana kuliko kupanda.

Basi twendeni Arusha, nyumbani kwa familia moja iliyotaka kwenda Pangani kwa pikapu yao na tela lao dogo. Mjomba wao ni fundi. Jumamosi moja alifika na sanduku la spana, na mpwa wake wa darasa la sita akampokea getini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Shika futi kamba. Leo mpimaji ni wewe."

Walianza kwa upepo wa matairi, kwa sababu tairi lililolegea linakishusha kimo na kuidanganya futi kamba. Walichagua sehemu ya uwanja iliyo tambarare. Tela lilikuwa limeshapakiwa magodoro, vyombo, mtungi wa gesi na maji, kama litakavyosafiri. Mjomba aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu lisitembee, kisha akaweka pimamaji juu ya chasisi na kuanza kuzungusha jeki. Kiputo kikasogea taratibu, kikatulia katikati ya mistari miwili. Mpwa akapima kutoka ardhini hadi chasisi. Mbele sentimita 48, nyuma sentimita 48.

"Sasa nipimie kikombe, kutoka ardhini mpaka darini mwake, pale utosi wa mpira utakapogusa."

"Arobaini na tatu, mjomba."

"Andika. Nenda kwenye pikapu, upime ukingo wa juu wa lile tundu la mraba."

"Hamsini na tano."

"Na mpira, kutoka kwenye bamba mpaka utosini?"

"Sita."

Binti akaandika hesabu kwenye vumbi kwa kijiti. Utosi wa mpira unatakiwa uwe sentimita 43. Ukitoa 6 za mpira, bamba linatakiwa likae sentimita 37. Tundu liko 55. Toa 37, zinabaki 18.

"Mkono ushuke sentimita 18," akasema.

"Hesabu haina kosa. Lakini umepima gari gani?"

"Si hili hapa?"

"Hili hapa ni tupu. Ndilo litakalokwenda Pangani?"

Binti akanyamaza, akaitazama pikapu, akaelewa. Dakika chache baadaye uwanja wote ulikuwa kazini. Mabegi yakapakiwa. Baba alikwenda kujaza tangi, akarudi, akakaa kwenye usukani. Mama na ndugu wawili wakaingia. Bibi naye akaitwa.

"Mbona naingizwa garini na safari ni kesho?" bibi akauliza.

"Samahani, mama," mjomba akamjibu. "Nataka gari liwe kama litakavyokuwa barabarani, na barabarani utakuwamo."

Bibi akaridhika, akapanda, akafunga mkanda.

Mjomba alikuwa na mkono wa mashimo yanayoachana sentimita 3. Akaufunga ushuke sentimita 18, kama hesabu ya kwanza ilivyosema, akalishusha tela juu ya mpira. Binti akapima chasisi upya. Mbele sentimita 46. Nyuma sentimita 50. Pua imeinama.

"Pima lile tundu tena."

"Hamsini na mbili! Mjomba, limedidimia sentimita 3."

Hizo sentimita 3 hazikuwepo gari lilipokuwa tupu. Zimeletwa na mabegi, na mafuta, na watu, na tela lenyewe. Mpira uko nyuma ya ekseli ya nyuma ya gari, kwa hiyo uzito unaouangukia una nguvu kuliko unavyoonekana. Gari likiwa na sentimita 280 kati ya ekseli zake, na mpira ukiwa sentimita 120 nyuma ya ekseli ya mwisho, kilo 90 juu ya mpira zinaongeza kama kilo 129 kwenye ekseli ya nyuma. Zile kilo 39 za ziada zimetoka mbele, kwa kuwa gari linapokaa kitako magurudumu ya mbele yanainuliwa. Usukani unakuwa mwepesi. Taa za mbele zinapanda, na usiku zinammulika machoni dereva anayekuja.

Mjomba akainua tela kwa jeki, akalihamisha bamba shimo moja juu, akalishusha tena. Binti akapiga magoti na futi kamba yake. Mbele 48. Nyuma 48. Mkono unaofaa ulikuwa wa kushuka sentimita 15.

Haya ndiyo mafundisho ninayotaka myashike, wanangu: kimo hupimwa gari na tela vikiwa na mzigo wa safari. Hata kanuni za Ulaya zinafuata njia hiyo. Huko kitovu cha mpira wa gari dogo kinatakiwa kiwe kati ya sentimita 35 na 42 kutoka ardhini, na kipimo kinachukuliwa gari likiwa limebeba mzigo wake. Magari ya njia mbaya yameachwa nje ya sharti hilo kwa sababu yameinuliwa sana, nayo ndiyo hasa yanayovuta matela kwetu. Kwa hiyo hapa Afrika Mashariki hatuwezi kutegemea kwamba kiwanda kimetupimia. Gari aina ya Land Cruiser lililowekewa springi ndefu na matairi makubwa halina kimo sawa na pikapu ya jirani, na tela lililotulia nyuma ya moja linaweza kuinua pua nyuma ya jingine. Ukibadilisha gari, pima. Ukibadilisha springi au matairi, pima.

Na kama mnataka kuujua uzito ulio juu ya mpira, mizani ya kupimia uzito wa mtu inatosha kwa tela dogo. Tela likiwa na mzigo, limezuiwa kwa mawe, weka gogo fupi juu ya mizani na ukilaze kikombe juu ya gogo, kwa kimo kile kile kitakachotumika barabarani. Soma mizani, toa uzito wa gogo. Mtu mzima awepo, na vidole vikae mbali.

Yapo mambo mawili ya mpira ambayo hayahusu kimo lakini huwezi kuyaruka. La kwanza ni ukubwa wake. Mipira mingi ya Ulaya ina kipenyo cha milimita 50. Marekani wana wa inchi 2, yaani milimita 50.8, na mingine mikubwa na midogo kuliko huo. Tofauti ya 0.8 inaonekana si kitu, lakini kikombe cha milimita 50 kinaweza kugoma kufunga kwenye mpira wa inchi 2, na kikombe cha inchi 2 kitacheza juu ya mpira wa milimita 50. Namba imepigwa muhuri juu ya mpira na juu ya kikombe. Isomeni, na zilingane.

La pili ni minyororo ya usalama. Ipishane chini ya kikombe, wa kushoto uende kulia na wa kulia uende kushoto. Kikombe kikichomoka, kitaangukia juu ya minyororo iliyopishana badala ya kuchimba lami. Iachwe legevu kiasi cha kuruhusu kona, isiburuzwe ardhini.

Tena nisikilizeni vizuri hapa. Gari linaporudi nyuma kulifuata tela, hakuna mtoto anayesimama katikati yao. Hakuna mkono unaowekwa kati ya mpira na kikombe, hata kuondoa jani. Anayemwongoza dereva asimame pembeni, mahali ambapo dereva anamwona kwenye kioo. Asipomwona, dereva asimame.

Familia ile ilipoondoka alfajiri, bolti za bamba zilikuwa zimekazwa kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu, taa zimejaribiwa, na futi kamba imewekwa mahali pa kufikika. Walisimama mara ya kwanza Boma Ng'ombe. Baba aligusa vitovu vya magurudumu kuona kama vimepata moto kupita kawaida, mama akaitazama pini na komeo, na binti akapima chasisi mbele na nyuma. Kisha wakaendelea kupitia Moshi na Same hadi Korogwe, milima ya Upare na ya Usambara ikiwa kushoto kwao, wakipunguza mwendo kila penye tuta na rasta. Tela lilifuata bila kubishana.

Ikiwa siku moja tela litayumba mkiwa ndani ya gari, mjue dereva anachopaswa kufanya, na msimpigie kelele. Aushike usukani ukiwa umenyooka bila kupambana nao, aondoe mguu kwenye mafuta, aliache gari lipungue mwendo lenyewe. Asikanyage breki ya gari kwa ghafla, wala asiongeze mwendo akitumaini kulinyoosha. Tela likitulia, asimame mahali salama, apange mzigo upya na kupima kimo upya, kabla ya kuendelea hata kilomita moja.

Barabara ya Korogwe ina watoto wanaokwenda shule kwa miguu, wachuuzi wa machungwa, waendesha baiskeli waliobeba mkaa, na bodaboda. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama tela lenu limefungwa vizuri, na wote wanalipa likifungwa vibaya. Muda wa kupima uwanjani ni haki yao. Kwa hiyo mkiona watu wazima wana haraka ya kuondoka, waombeni futi kamba kwa adabu, waombeni wapande garini wote, bibi na babu pia, halafu pimeni mbele, pimeni nyuma, mseme namba kwa sauti.